Mtungi wa Bia Alioniachia

Katika nyumba niliyozaliwa, huko Kisauni, pombe haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Babu alikuwa mzee wa kanisa, bibi alikuwa mkali kuliko babu, na mama alirithi ukali wa wote wawili bila kubakisha. Mlevi akipita njiani tulifungiwa madirisha. Kwa hiyo nikiwaambia wajukuu zangu kwamba kazi niliyoijua vizuri kuliko zote ujanani ni kupika bia, wengine hucheka, na wale waliookoka hukunja nyuso. Wakunje tu. Sikujifunza kwa uchu wa kinywaji. Nilijifunza kwa sababu ya mume wangu wa kwanza, ambaye nilimngoja karibu miaka mitatu, na bia ndiyo iliyonisaidia kungoja.

Tulipooana, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, tulipanga chumba Changamwe katika nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, na ugomvi usiokwisha juu ya kamba ya kuanikia nguo. Yeye alikuwa mtu wa Rabai, mwana wa mgema, na kazi yake ilikuwa ufundi wa mitambo katika karakana moja ya kutengeneza meli. Mikono yake ilinuka grisi hata aisugue vipi. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Mimi nina maneno ya watu watatu. Nadhani ndiyo sababu tulipatana, kwa kuwa hatukuwahi kugombania nafasi ya kusema.

Mtungi aliupata bandarini. Kulikuwa na meli ya mizigo iliyokaa gatini majuma mengi ikitengenezwa mashine, na injinia wake, Mzungu mmoja mwenye uso mwekundu na mwepesi wa kucheka, alikuwa akijipikia bia kidogo kidogo pembeni mwa chumba cha mashine. Mume wangu alifanya kazi chini ya Mzungu huyo, akaona anavyofanya, akauliza, akaonyeshwa. Meli ilipopona na kung'oa nanga, injinia alimwachia mtungi wake pamoja na mkebe mkubwa wa maua makavu machungu ya kutilia ndani. Mtu mwingine angekwenda kuuza chuma kile siku ileile. Mume wangu aliufunga nyuma ya baiskeli, akausukuma kwa miguu kutoka bandarini mpaka Changamwe, maana aliogopa kuipanda baiskeli asije akauangusha.

Nilipouona nilidhani ni bomu. Ulikuwa wa chuma cheupe, umenipita goti, na kifuniko chake kilikazwa kwa parafujo nne juu ya pete nene ya mpira. Juu ya kifuniko palikuwa na valvu na geji ndogo ya kioo yenye sindano. Nilimwambia kitu kile hakilali chumbani mwangu. Akasema, "Sawa." Kikalala chumbani mwangu, chini ya meza ya cherehani, kwa muda wote niliokaa Changamwe.

Upishi wenyewe ulikuwa hivi. Shayiri tulinunua kwa Mwarabu mwenye duka la nafaka, ambaye alidhani tuna mgonjwa wa kunyweshwa uji na kila mara alituombea dua. Tuliiloweka, tukaitandaza juu ya gunia bichi mpaka ikachipua, tukaianika, tukaikaanga kidogo kwenye kikaango cha chapati, tukaitwanga. Kimea hicho kilitiwa kwenye maji ya moto yasiyochemka, kikakaa, kikachujwa kwa shuka kuukuu, kisha yale maji matamu ndiyo yakachemshwa pamoja na maua. Yakipoa yanamiminwa mtungini na kutiwa chachu. Mpaka hapo hakuna la ajabu. Wanawake wa bara waliokaa vyumba vya nyuma walikuwa na pombe zao za kimea, nao walizipika kwa namna isiyo mbali sana na hiyo.

Tofauti ilikuja siku ya pili. Wao pipa lao lilichacha wazi, limefunikwa ungo tu. Mume wangu akiona povu limeanza kupanda alifunga kifuniko na kukikaza kwa nguvu zake zote, bia ikaachwa ichachie ndani ya kifungo. Ile gesi inayotoka kwenye kuchacha ikakosa njia. Ikajikusanya, ikabana, na sindano ikaanza kupanda. Mpaka aliouwekea ulikuwa ratili kumi na tano za mgandamizo. Ikipita hapo, alifungua valvu kidogo, ikatoa sauti ya nyoka aliyekanyagwa, akafunga tena. Mara ya kwanza nilikimbilia uani nikiwa na kanga moja tu, na jirani zangu walinicheka mwezi mzima.

Nilimwuliza kwa nini anaitesa pombe ya watu. Akanieleza, na kwa kuwa alikuwa hasemi sana nilisikiliza. Alisema joto letu la Changamwe linaichachua bia kwa pupa, na bia iliyochacha kwa pupa hutoka na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na kichwa chake kesho yake ni cha kumpasua mtu. Ikibanwa, inatulia, inachacha kwa adabu. Na tena ile gesi inayobana ndiyo blanketi lake, kwa sababu bia ikishaiva haitaki tena kuonana na hewa. Hewa ya nje ikiingia, hata kidogo, baada ya siku chache bia inafifia na kugeuka rangi kama ndizi iliyomenywa ikasahaulika mezani, na ukiionja ni kama unalamba boksi la karatasi lililonyeshewa. Kwa hiyo hakuwahi kuimimina. Aliunga mpira mwembamba kwenye mtungi, akaingiza ncha mpaka chini kabisa ya chupa, akaipulizia chupa gesi kwanza ili hewa itoke, ndipo bia ikasukumwa na nguvu zake yenyewe, polepole, bila kutumbukia, bila kupiga kelele. Kisha akaziba. Tulikuwa tukipata chupa ishirini na kitu, basi.

Jumapili baada ya ibada tulikaa mlangoni tukanywa moja, yeye na mimi, glasi mbili. Ndiyo, mimi pia. Siku ya kwanza nilionja ili nimkaripie vizuri, nikakuta kitu baridi, chepesi, chenye uchungu mzuri nyuma ya ulimi. Nilikasirika kwa jinsi kilivyokuwa kitamu. Alinitazama usoni akangoja, nami nikasema, "Si mbaya," na mtu yule asiyecheka akacheka mpaka akaweka glasi chini. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimepata raha nyingine, lakini nikiulizwa raha ni nini, bado naona mlango ule.

Kisha bahari ikamchukua, kama ilivyowachukua vijana wengi wa bandarini waliojua mashine. Meli moja ilihitaji msaidizi wa chumba cha injini, na mshahara ulikuwa mara tatu ya ule wa karakana. Alisema miezi sita. Mimi sikulia mbele yake, nilimgombeza kwa soksi. Juma la mwisho alipika bia mpya, akaifunga mtungini, sindano ikasimama pale anapopataka. Akanionyesha kwa kidole. "Usiifungue. Ukiona imepita hapa, punguza kidogo. Tutaifungua nikirudi." Aliniandikia pia maelezo ya upishi wote kwenye daftari, kurasa nne, kwa mwandiko wake ulionyooka, nami nikamwuliza ya nini ikiwa anarudi baada ya miezi sita. Hakujibu. Nilidhani ni ule unyamavu wake wa kila siku.

Basi nikawa mlinzi wa mtungi. Kila asubuhi kabla ya kuosha uso niliinama chini ya meza nikatazama sindano. Mchana joto likizidi niliuzungushia gunia bichi. Nilikaa cherehanini nikishona sare za watoto wa shule, goti langu likiugusa ule mtungi, na nilikuwa nikizungumza nao, sifichi. Barua zilikuja mbili. Ya kwanza ilitoka Adeni, ya pili kutoka Uingereza, fupi, ikisema kuna baridi. Miezi sita ikapita, ya saba ikapita, barua zikakoma. Hapo ndipo akili yangu ilipojifungia ndani ya jambo moja la kitoto, na ingawa nilisoma shule ya misheni na kukariri katekisimu nzima, nililishika kwa mikono miwili: maadamu bia ile imo ndani kama alivyoiacha, haijaguswa, basi na yeye huko aliko yumo kama alivyoondoka, na atarudi tuifungue. Sikumwambia mtu. Lakini nilikuwa nikiishi kwa hilo.

Mwezi wa nane au wa tisa tangu aondoke, mvua za mwaka ule zikiwa zimekata barabara na kuzoa madaraja, baba mkwe akaja kutoka Rabai. Alifika asubuhi amelowa mpaka kofia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa kanga kavu ajifunike, nikamwekea chai. Akaniambia, "Mwanangu, nina neno nawe, lakini wacha nipumzike kwanza." Nikaona ni maneno ya kawaida ya mzee aliyechoka. Nikachukua ndoo nikaenda bombani, na bombani siku zile kulikuwa na foleni.

Lazima mumwelewe mzee huyu. Maisha yake yote alikuwa akikwea minazi asubuhi na jioni kugema. Alijua jambo moja kuliko maprofesa wote, nalo ni kwamba tembo, pombe ya mnazi, halizibwi. Kibuyu cha tembo hufungwa kwa makumbi ya nazi ili kipumue. Ukikiziba kabisa, hupasuka, na yeye aliwahi kumwona mgema mwenzake akitolewa kipande cha kibuyu shavuni. Sasa akae peke yake chumbani, mvua imetulia, asikie chini ya meza kitu kinalia kwa sauti nyembamba kama mbu. Ilikuwa ile pete ya mpira, imeanza kuchoka. Akainama, akanusa, akajua ni pombe, na akajua imefungwa. Akafikiri mkamwana wake, mtoto wa wamisheni asiyejua pombe ni nini, amelala miezi yote hiyo kando ya kifo.

Niliporudi na ndoo kichwani nilikuta dari inadondoka povu. Mzee alikuwa amekifungua kifuniko. Na kwa kuwa wema wake haukuwa wa nusunusu, alikuwa ameimimina bia yote ndani ya beseni langu la kufulia, akaichota kwa kata na kuiporomosha kutoka juu, tena na tena, ile namna wagema wanavyolipoza tembo lililochemka. Sasa ilikuwa imerudi mtungini, imefunikwa kwa kitambaa safi na makumbi juu yake. Yeye amekaa kitini, mikono yote inameta, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda jema.

"Nimekuokolea tembo lako, mwanangu," akasema. "Lilikuwa linasongwa."

Nataka kuandika kwamba nilijizuia. Sikujizuia. Nilitupa ndoo chini, maji yakaenda mpaka uvunguni mwa kitanda, nikapiga kelele ambazo wapangaji wa vyumba vyote sita walitoka kuzisikiliza. Mkwe, kwa watu wetu wote, wa Rabai na wa Kisauni, hatazamwi usoni ukiwa na hasira, achilia mbali kupigiwa kelele. Mimi nilimwambia, "Umemuua! Umemuua mume wangu!" Nilimwambia hivyo baba yake mzazi.

Akasimama. Hakuuliza nina maana gani. Alikunja ile kanga, akaiweka kitandani, akachukua kofia yake iliyolowa, akatoka. Mlangoni alitia mkono ndani ya koti, akaushikilia humo kidogo, kisha akautoa mtupu. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba humo ndani ya koti palikuwa na barua ya mwanawe, na kwamba barua ile ndiyo lile neno alilokuja nalo. Lakini siku ile nilimwona tu mzee anaondoka kwenye matope, nami nikaufunga mlango kwa kishindo ili ajue nimeufunga.

Bia ilichukua siku nne kufa. Niliionja kila siku, nikiomba. Siku ya kwanza ilikuwa bado yake. Siku ya pili ilikuwa imechoka. Siku ya nne ilikuwa boksi lililonyeshewa, kama alivyosema mwenyewe, na hiyo ilinitia uchungu zaidi, kwamba alikuwa amesema kweli. Nilimwaga yote mferejini isipokuwa machicha mazito yaliyobaki chini kabisa. Hayo nilishindwa. Chachu ile ilikuwa ya mkono wake. Niliitia kwenye gudulia, nikaifunika, nikafungua daftari lake ukurasa wa kwanza.

Wazo langu lilikuwa la mwizi anayerudisha mali kabla mwenyewe hajajua. Nitapika nyingine, ileile, niifunge, sindano isimame palepale, akirudi aikute. Hatajua kamwe.

Yule mwanamke aliyefikiri hivyo alikuwa hajui lolote. Shayiri yangu ya kwanza iliota ukungu wa kijani. Ya pili niliikaanga mpaka jirani wakauliza nani anachoma kahawa. Nilipofika mahali pa maua, nikafungua mkebe wa Mzungu, nikakuta vumbi na wadudu. Katika Mombasa yote, nani ana maua yale? Nikakaa nikawaza kitu gani kichungu ninacho karibu, nikatazama uani, mwarobaini huo unanitazama. Nikatia konzi nzima ya majani. Ilitoka dawa ya homa, na mwanamke mmoja wa bara aliyeionja kwa ujirani mwema alinishika bega akaniuliza kama nina ugomvi na mtu. Nikapunguza mpaka majani sita, kisha manne, tena yanayoingia mwishoni, sufuria ikiwa inatoka motoni, pamoja na ganda la ndimu. Hayo hayakuwa katika daftari. Daftari halikuwa na mwarobaini wala ndimu, na lilipokwisha kunisaidia nililifunga nikaendelea peke yangu.

Pete ya mpira nilikwenda kuikatisha kwa fundi wa mipira ya magari, Mikindani, nikamdanganya kuwa ni ya chungu cha hospitali. Nilijifunza kusikiliza kwa sikio kabla ya kutazama sindano. Nilijifunza kuzipulizia chupa gesi mpaka moto wa kiberiti uzimike mdomoni mwa chupa, ndipo nijue hewa imetoka. Chupa mbili zilinipasukia, moja ikaniachia alama hii kwenye kidole gumba. Jumapili akina mama wa kanisani waliniona na vidole vyenye rangi ya kimea wakadhani nimeanza kuvuta tumbaku. Niliwaacha wadhani, tumbaku ilikuwa dhambi ndogo zaidi.

Na muda wote huo nilimtamani. Niseme wazi, nimezeeka, nani atanifanya nini. Nilimtamani mgongoni mwangu wakati wa kulala, nilitamani grisi yake kwenye taulo, nilitamani hata ule unyamavu uliokuwa ukinitia wazimu. Nikipika niliona kwamba mikono yangu inafanya kama mikono yake, inakaza kifuniko kwa kuzungukazunguka msalaba, upande huu kisha wa pili, na kwa dakika chache nilikuwa naye. Ndiyo maana sikuacha. Watu walinishauri. Mama alikuja kutoka Kisauni akaniambia nirudi nyumbani, mwanamke hakai na chuma. Nikamwambia narudi mume wangu akija. Nilikuwa nikisema hivyo mwaka wa kwanza, na nilikuwa nikisema hivyo mwaka wa pili, na moyoni kila mtungi nilioufunga niliuambia, wewe ndiye.

Wiki ya uhuru ikafika. Changamwe ilikuwa imejaa makuti na bendera, watu wa ua wetu waliokuwa wakibishana mwaka mzima juu ya pwani itakuwa ya nani walikuwa wamenyamaza ili wapike pilau pamoja. Mimi nilikuwa na mtungi uliotulia majuma matano na chupa zilizotangulia, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimealika majirani waje kesho yake wanywe. Alasiri hiyo, nikiwa napanga chupa kwenye beseni la maji, kivuli kikaanguka mlangoni. Alikuwa baba mkwe. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote, na mguu mmoja alikuwa akiuburura, maana alikuwa ameanguka kwenye mnazi mwaka uliopita na mimi, mkamwana wake, sikuambiwa.

Nilipiga magoti. "Shikamoo baba. Nisamehe baba."

"Marahaba, mwanangu. Inuka. Mimi ndiye nimekuja kusamehewa."

Akakaa. Akatoa barua kwenye koti, bahasha imelainika kama kitambaa kwa kukaa miaka miwili kifuani mwa mtu. Yeye hakujua kusoma. Katekista wa Rabai ndiye aliyemsomea, mara moja, na ilitosha. Niliisoma nimesimama. Mwanawe alimwandikia kwamba ameshuka melini, amepata kazi ya kiwanda huko Uingereza, anakaa na mwanamke wa huko na mtoto yuko njiani. Alisema ameshindwa kuniandikia mimi. Alimwomba baba yake aje aniambie kwa mdomo, kwa upole, nisingoje.

"Nilikuja siku ile nikuambie," mzee akasema. "Nikaharibu. Nikakusikia ulivyolia kwa ajili ya pombe ya mtu yule, nikajiuliza, mwanamke huyu nikimwambia na hili, atabaki na nini? Nikarudi nayo. Kila mwezi nikasema mwezi ujao. Uoga ulinishika, mwanangu."

Mikono yangu ilitaka kazi, nikachukua chupa moja, nikaifuta, nikaifungua. Kwao Rabai anayemkaribisha mtu kinywaji hukinywa yeye kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni anywe bila shaka moyoni. Kwa hiyo nikamimina glasi, nikanywa.

Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nikionja kama fundi, nikitafuta kosa. Alasiri ile nilionja kama mtu aliyefiwa, nikimtafuta yeye. Niliishikilia bia mdomoni nikatafuta ile Jumapili ya mlangoni, uchungu wa yale maua, baridi ile. Nikakuta ndimu, nikakuta mwarobaini, nikakuta kinywaji kizuri kuliko chochote alichowahi kupika. Yake sikuipata. Nilijaribu kuikumbuka tu, kwa akili, bila glasi, na hata hivyo sikuipata. Nilikuwa nimeipika mara nyingi mno. Hapo ndipo machozi yalipotoka, barua haikuwa imeyatoa.

Nikampa mzee glasi. Akanywa taratibu, kwa heshima ya mtu ajuaye vinywaji, akainua glasi kwenye mwanga akatazama vipovu vinavyopanda.

"Ndiyo ile ya mwanangu?" akauliza.

"La, baba. Hii ni yangu."

Akatikisa kichwa kukubali, akanywa tena. Nje watoto walikuwa wakipiga mabati na kuimba uhuru. Kisha akaweka glasi chini, akasema bila kunitazama, "Nilikuibia miaka miwili, mwanangu. Ungekuwa umekwisha kuolewa, una mtoto. Sema tu, niyasikie."

Nilijifuta uso kwa upindo wa kanga. Nilifikiri zile asubuhi zote za kuinama chini ya meza, na yale mazungumzo yangu na chuma, na jinsi nilivyokuwa nikifunga kifuniko nikiwa na hakika.

"Hukuniibia, baba," nikamwambia. "Ungeniambia siku ile, ningempoteza miaka miwili mapema."

Alisogeza glasi yake mbele, nami nikamjazia.